Miezi minne na kifurushi cha kisomo cha watu wazima

Kifurushi ninachokitathmini hapa kina vitu vinne: kitabu cha kwanza cha silabi na maneno, kitabu cha pili cha hadithi fupi zenye maswali, kadi 120 za maneno na picha, na programu ya simu inayosoma kwa sauti kurasa za vitabu vyote viwili. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima ambao hawakupata kusoma utotoni, au waliosoma kidogo wakaacha. Nimekitumia kwa miezi minne, jioni tatu kila wiki, katika darasa la wanafunzi 11 ninalolifundisha kwa kujitolea. Jina la watengenezaji sitalitaja, kwa sababu kasoro nyingi nitakazozieleza nimezikuta pia katika vifurushi vingine viwili nilivyowahi kuvitumia, na mtu anayefikiria kununua kingine chochote cha aina hii anaweza kukipima kwa kipimo hiki hiki.

Kipimo chenyewe ni kimoja. Mwanafunzi anapotazama neno na kulitaja sawasawa, je, kifurushi kinamwezesha mwalimu kujua kama amelisoma, amelikariri au amelibahatisha? Na ikiwa kweli amelisoma, kinamwezesha kujua kama ameelewa? Mtu mzima ameishi miaka mingi bila herufi, naye amejijengea ustadi mkubwa wa kuficha pengo hilo: hukumbuka rangi ya maandishi, husoma uso wa mwalimu, husubiri jirani aanze. Mtoto asiyejua hunyamaza au hulia, ilhali mtu mzima asiyejua hujibu, na mara nyingi hujibu vizuri. Nyenzo yoyote ya kisomo isiyolizingatia jambo hilo humpotosha mwalimu kabla hata haijamfundisha mwanafunzi.

Kitabu cha kwanza ndicho kitu bora zaidi katika kifurushi hiki. Maandishi ni makubwa, mistari imeachana, na michoro haina dalili ya kitoto. Kiswahili chenyewe huandikwa kwa namna inayomhurumia anayeanza, kwa kuwa irabu ni tano na kila moja ina sauti moja, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Aliyekwisha kuzishika silabi za konsonanti tano au sita ana uwezo wa kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona yakiandikwa. Waandishi wameutumia wepesi huo ipasavyo. Silabi zenye mkusanyiko wa konsonanti, kama mbwa, nywa na ndwa, zimecheleweshwa hadi nusu ya pili, na kuna ukurasa mmoja mzuri sana unaoweka ng'ombe na ngoma, ng'oa na ngoja, sambamba, ili mwanafunzi aone kazi inayofanywa na ule mkato mdogo ambao wengi wetu tunaojua kusoma huuacha kwa uvivu. Sentensi za mwanzo ni za kuchekesha bila kukusudia, kwa kuwa silabi zimefuata mpangilio wa alfabeti na hivyo katika kurasa kumi za kwanza wamekutana baba, babu, bibi na bubu, familia nzima, na hakuna hata mmoja anayefanya jambo lolote. Wanafunzi wangu waliivumilia hali hiyo kwa wiki mbili.

Hata hivyo, kitabu kimewekewa somo la utangulizi ambalo ningeshauri lirukwe. Kabla ya herufi yoyote kuonyeshwa, mwalimu anaagizwa kusema neno na kumtaka mwanafunzi aondoe sauti ya kwanza: kaka ibaki aka, tano ibaki ano. Darasa zima lilinijibu kwamba ukiondoa mwanzo wa kaka inabaki ka, yaani waliondoa silabi, nami kwa kufuata mwongozo nikawaambia wamekosea. Walihuzunika, na walikuwa na haki. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Ureno, uliowalinganisha watu wazima wasiojua kusoma na wenzao waliojifunza kusoma ukubwani. Kundi la kwanza lilishindwa kwa kiasi kikubwa kuongeza au kuondoa sauti moja mwanzoni mwa neno, la pili likaweza. Maana yake ni kwamba kuitambua sauti mojamoja ndani ya neno hakuji kwenyewe kwa umri. Huja pamoja na kujifunza herufi. Kumdai mtu sauti /k/ iliyo peke yake kabla hajaiona herufi k ni kumtaka aonyeshe tunda la mti ambao bado hujampandia. Silabi, kinyume chake, mtu asiyejua kusoma huisikia na kuipigia makofi bila taabu. Nilipolihamishia zoezi lile baada ya somo la nane, halikuwatatiza tena.

Sasa nije kwenye kadi. Kila kadi ina picha juu na neno chini, na mwongozo unaagiza zirudiwe kila siku hadi mwanafunzi alitaje kila neno mara tu anapoliona. Katika wiki ya tano mzee mmoja, mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote, alikuwa akizipitia kadi zile kwa kasi iliyonifurahisha, mpaka alipofika kwenye kadi iliyoandikwa mtumbwi akasema, bila kusita hata kidogo, "mashua". Nilimwomba, "Mzee wangu, hebu turudie hii." Akaitazama vizuri zaidi, akasema, "Mashua, mwalimu. Ndogo." Nikafunika picha kwa kidole gumba, na hapo akanyamaza kwa muda mrefu. Kati ya kadi 40 alizokuwa akizitaja, alizoweza kuzisoma baada ya picha kufunikwa zilikuwa 13. Wiki tano nzima nilikuwa nikimpongeza kwa kutambua michoro.

Wenye kutunga kadi za namna hii wana hoja yao ya zamani. Mwaka 1967 Kenneth Goodman, mtaalamu wa Marekani, alieleza kusoma kuwa aina ya mchezo wa kukisia, ambapo msomaji hodari hachunguzi kila herufi bali huchukua dokezo chache na kukamilisha kwa kutumia maana na muundo wa sentensi. Ni wazo linalovutia, kwa sababu linamheshimu msomaji na akili yake. Tatizo ni kwamba ushahidi uliofuata ulielekea upande mwingine. Keith Stanovich, katika makala yake ya mwaka 1980, alionyesha kuwa anayeutegemea zaidi muktadha ili kulitambua neno ni msomaji dhaifu, anayefidia pengo la kutojua herufi. Msomaji hodari hulitambua neno upesi kiasi kwamba hana haja ya kukisia, na muktadha huutumia kwa kazi nyingine, ya kuelewa. Vipimo vya mwendo wa macho vinakubaliana naye: macho hayatelezi juu ya mstari, bali huruka na kutua, kila mtuo ukichukua takribani robo ya sekunde, na maneno mengi yenye uzito wa maana hutuliwa moja baada ya jingine. Wepesi wa msomaji mzoefu unaonekana kama kukisia kwa sababu tu kazi yenyewe imekuwa ya haraka mno kuonekana.

Kwa Kiswahili kadi hizi zina dosari ya ziada, nami nadhani ndiyo kubwa zaidi katika kifurushi chote. Mwongozo unadai kwamba ubongo wa mtu mzima umekwisha kukomaa na hauwezi kushika silabi kwa urahisi, hivyo apewe maneno mazima ayazoee kwa sura. Dai la kwanza ni la kukatisha tamaa na halina msingi. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watu wazima wa Brazili na Ureno, wakiwemo wasiojua kusoma, waliojifunza utotoni na waliojifunza ukubwani, na hao wa mwisho nao walionyesha mabadiliko katika eneo lile la upande wa kushoto linaloshughulikia maneno yaliyoandikwa. Dai la pili huenda likawa na nafuu kidogo katika lugha yenye maneno mafupi yasiyobadilika sana. Kwetu, kitenzi kimoja huvaa sura ambazo hakuna kadi zinazoweza kuzimaliza: anasoma, hawatasoma, tulimsomea, wangetusomea, usipowasomesha. Aliyekariri sura ya neno soma hajaliona lolote kati ya hayo. Kwake yote ni mageni.

Anayejua silabi, hata hivyo, anakutana na jambo ambalo kitabu kimelipita bila kuligusa. Gawa wangetusomea kwa silabi utapata wa-nge-tu-so-me-a. Silabi tatu za kwanza kila moja ina maana yake kamili: wao, sharti, sisi. Kisha mpangilio huo unavunjika, kwa kuwa mzizi wa neno ni som, na silabi zimeupasua katikati, so upande mmoja na me upande mwingine. Ndiyo maana wanafunzi wengi hutamka neno refu kwa ukamilifu, silabi hadi silabi, kisha wakakutazama wakingoja uwaambie wamesema nini. Sauti imetoka lakini mzizi haukusikika. Nilianza kuwaandikia vitenzi virefu ubaoni na kuwataka wauzungushie mzizi duara kabla ya kutamka, na baada ya wiki tatu waliokuwa wakikwama walianza kusema wenyewe, "Humu ndani kuna soma." Lugha wanaijua tangu utotoni, walichokuwa wakikikosa ni kuifahamu ikiwa imevaa maandishi. Zoezi hili halihitaji kadi wala simu, na sielewi kwa nini hakuna ukurasa hata mmoja uliotengwa kwa ajili yake.

Kuna maneno pia ambayo hata silabi zake hazijulikani mpaka maana ijulikane. Mbuni aliye ndege hugawanywa mbu-ni. Mbuni ulio mti wa kahawa hugawanywa m-bu-ni. Barabara inayopitwa na magari haina mkazo sawa na barabara ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Maneno ya namna hii ni machache, lakini yana faida kubwa darasani, kwa sababu yanamwonyesha mwanafunzi kwamba anapaswa kusikiliza sentensi nzima akiwa bado anatamka. Kitabu cha kwanza kina mbuni mmoja, ndege, mwenye picha.

Programu ya simu nitaieleza kwa ufupi. Sauti iliyorekodiwa ni safi, ya mtu mzima anayesoma kwa mwendo wa kawaida, na neno linalosomwa hung'aa kwa rangi. Kasoro ni kwamba simu husoma kwanza na mwanafunzi hufuata, hivyo anachofanya ni kurudia alichosikia, na wepesi wake wa kukumbuka hupokewa kama wepesi wa kusoma. Nilipogundua kwamba sauti inaweza kuzimwa na kuwashwa kwa kila sentensi, niliwaagiza wasome kwanza kisha wawashe wajisahihishe, na hapo programu ikawa na manufaa makubwa nyumbani. Ina pia kipimo cha maneno kwa dakika. Ni jambo jema kupima mwendo, kwa sababu msomaji wa polepole mno hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Kumbukumbu ya muda mfupi haihifadhi vipande vingi wala haisubiri muda mrefu. Lakini kuhesabu maneno katika lugha ambamo neno moja laweza kuwa sentensi kamili ni kupima nguo kwa kuhesabu vifungo. Neno mtu huhesabiwa kuwa moja, na neno hawakutukaribisha nalo huhesabiwa kuwa moja, na kila mmoja anaona tofauti. Ningependelea silabi kwa dakika.

Kitabu cha pili ndicho kilichonisononesha. Hadithi zake ni nzuri, fupi na zinawahusu watu wazima: deni, ugonjwa, mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri. Maswali yanayozifuata, kwa bahati mbaya, yanaweza kujibiwa na mtu ambaye hakuelewa chochote. Ili kuwaonyesha walimu wenzangu jambo hili, nilitunga sentensi isiyo na maana: Mitulu ilifumata soveni kwa udapivu. Kisha nikauliza: Ni nini kilichofumata? Ilifumata nini? Ilifumata kwa namna gani? Wote walijibu vema, mitulu, soveni, kwa udapivu, wakacheka, kisha wakafungua kitabu cha pili na kukuta kwamba maswali yake mengi ni ya aina hiyo hiyo. Sarufi ya Kiswahili, pamoja na upatanisho wake, humwelekeza mtu kwenye jibu hata pale maana inapokosekana kabisa.

Wataalamu Philip Gough na William Tunmer walipendekeza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la kuzidisha vitu viwili, uwezo wa kutambua maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, na kuzidisha kwa sifuri hutoa sifuri, iwe ni sifuri ya upande upi. Kwa mtoto, pande zote mbili bado zinakua. Mtu mzima huja darasani akiwa na upande wa pili uliojaa: maneno, mazungumzo, biashara, malezi, kesi, misiba. Kitabu kinachoheshimu hesabu hiyo kingeuvuta upande uliojaa usaidie ule mtupu. Hiki hakifanyi hivyo, na mfano niliouona wazi zaidi ulitoka katika hadithi ya mwanamke mwenye duka la vitambaa ambaye, ingawa ana fedha za kununulia mzigo mpya, anamkopa jirani yake ili alipe matibabu. Swali: Kwa nini alikopa? Jibu lililo nyuma ya kitabu: Kwa sababu alihitaji fedha. Mwanafunzi wangu mmoja, mama aliyefanya biashara kwa miaka mingi, alilisoma swali kwa taabu, silabi kwa silabi, kisha akasema, "Mwalimu, huyu hakutaka kugusa mtaji. Ukigusa mtaji, duka limekwisha." Hakuna mstari unaosema hivyo. Ameunganisha alichosoma na anachokijua, na matokeo yake ni ufahamu ulio bora kuliko ule wa aliyetunga jibu. Kwa mujibu wa mwongozo, nilipaswa kumpa sifuri.

Jambo linalokaribiana na hilo ni vichwa vya habari. John Bransford na Marcia Johnson walichapisha mwaka 1972 majaribio ambamo watu walisomewa maelezo ya kazi fulani kwa maneno rahisi, na wasiotajiwa mada hawakuyaelewa wala kuyakumbuka vizuri. Waliotajiwa kabla kwamba ni habari ya kufua nguo waliyaona kuwa ya kawaida kabisa. Kila neno lilikuwa linajulikana, na bado maana haikupatikana mpaka msomaji alipojua aitafute wapi. Hadithi za kitabu cha pili zina vichwa kama Somo la 14. Niliziandikia vichwa vyangu kwa kalamu, na kabla ya kusoma tulizungumza dakika tano kuhusu mada, kila mmoja akisema anachotarajia kukikuta. Makosa ya kutamka hayakupungua kwa kiwango cha kutajwa, lakini walianza kujisahihisha wenyewe. Mtu akisema neno lisiloafiki sentensi alisimama, akarudi nyuma, akatazama herufi upya. Huko kurudi nyuma ndiko ninakokusubiri kwa kila mwanafunzi, kwa sababu anayebahatisha harudi, na anayetamka tu bila kuelewa hajui kwamba kuna sababu ya kurudi.

Jalada linaahidi kusoma ndani ya saa 40. Bila shaka aliyeiandika ahadi hiyo alikuwa akimkumbuka Paulo Freire, ambaye mwaka 1963 huko Angicos, Brazili, aliongoza kazi ya kuwafundisha watu wazima wapatao 300 kwa muda wa saa 40. Lakini pale kila neno lilijadiliwa kwanza, kisha likavunjwa: tijolo, yaani tofali, ilitoa ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu, na kutoka humo wanafunzi waliunda maneno yao wenyewe. Kifurushi kimechukua hesabu ya saa kikaacha mazungumzo. Mimi nilitumia saa 40 kumaliza kitabu cha kwanza tu, pamoja na kuyasahihisha yale niliyoyaeleza juu ya kadi, na sioni kwamba darasa langu lilikuwa zito.

Kwa mwalimu mwenye uzoefu ninakipendekeza, akijua kwamba atakitumia nusu. Kwa mtu mzima anayetaka kujifunza peke yake sikipendekezi, kwa sababu programu itamsifu kila siku bila kumjulisha kama anasoma. Kwa muhula ujao nimebakiza kitabu cha kwanza bila lile somo la utangulizi, sauti za simu kwa ajili ya kujisahihisha, na hadithi za kitabu cha pili zenye vichwa nilivyoviandika. Ukurasa wa majibu nimeuchana. Kadi nimezikata kwa mkasi, picha katika boksi moja na maneno katika jingine. Yule mzee ndiye aliyenisaidia kuzikata, na alipoifikia ile ya mtumbwi aliishika vipande vyake viwili, akakisoma kile cha neno polepole, m-tu-mbwi, akacheka, kisha akaniuliza kama mashua tunayo.